Bastola Ndogo za Plastiki: Namna ya Kuzilinganisha kwa Mkono Kabla Hujalipa

Bastola yangu ya kwanza niliichagua kwa sikio. Muuzaji alivuta slaidi, yaani kile kipande cha chuma cha juu kinachokwenda na kurudi, akaiachia, ikalia kavu na nzito, nami nikasema moyoni: hii ndiyo. Nikalipa. Miezi michache baadaye, nikitoka vijiji vya ndani huko Sikonge na madumu ya asali nyuma ya gari, nilikuwa nimeshajifunza mambo mawili. Kidole changu cha shahada hakikufika sawasawa kwenye triga, kile kifyatulio, mpaka niuzungushe mpini kiganjani. Na ule mbano uliolia vizuri dukani ndio uliokuja kugoma vumbi la Agosti lilipoingia kwenye reli ambazo slaidi hutelezea juu ya fremu, yaani mwili wa bastola. Aina yake siitaji na duka silitaji. Mkosaji nilikuwa mimi, tena mimi niliyepaswa kujua zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu kazi iliyonilea hapa Tabora mjini, kabla ya biashara ya asali na nta, ni kutengeneza vyerehani. Mteja akileta cherehani inayoruka nyuzi huanzi kwa kutazama rangi wala maua ya dhahabu ubavuni. Unashika gurudumu, unalizungusha taratibu kwa mkono, unatafuta pale linapogoma. Kisha unaleta mashine nyingine nzima, unalizungusha la kwake vilevile, kwa mwendo uleule, na hapo tofauti inajitokeza yenyewe. Bastola niliyonunua kwa sikio ingepita mikononi mwangu kama cherehani, nisingeichukua.

Tangu hapo nimewasindikiza ndugu na jirani kadhaa kwenda kununua, na kila mara napita njia hii ninayoiandika hapa. Ni kwa ajili ya mwenye kibali au anayekifuatilia. Silaha za kiraia Tanzania zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia huku chini kwetu kwenye serikali ya mtaa au kijiji, yakapanda kupitia kamati za ulinzi na usalama hadi Polisi. Kama hujafika huko, usijaribu mkono wako kwenye bastola ya jamaa barazani. Silaha haiazimwi kama jembe. Kulinganisha kunafanyika kwenye kaunta ya muuzaji mwenye leseni, na baadaye kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika, mbele ya msimamizi.

Plastiki yenyewe

Wazee wengi wanaposikia "bastola ya plastiki" wanacheka. Mjomba wangu, aliyezoea Makarov ya chuma tupu enzi za utumishi wake, aliniuliza kama na risasi nazo ni za mpira.

Plastiki hii si ya ndoo. Ni jamii ya nailoni, mara nyingi imechanganywa na nyuzi za kioo, inayomiminwa ikiwa moto kwenye kalibu la chuma. Heckler & Koch ya Ujerumani ilitangulia na VP70 mwaka 1970, lakini aliyegeuza soko ni Gaston Glock wa Austria, mtu ambaye kabla ya hapo kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza fimbo za mapazia na visu. Jeshi la Austria liliichukua Glock 17 mwaka 1982, na ndugu yake mdogo, Glock 19, akafuata mwaka 1988. Huyo mdogo ndiye aliyeweka kipimo ambacho wengine wote wanakikimbilia: mtutu wa milimita 102, risasi 15 kwenye magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa mpinini, uzito wa kama gramu 600 bila magazini. CZ 75 ya chuma inakaribia kilo nzima. Hiyo tofauti unaijua kiunoni ifikapo saa nane mchana, si dukani.

Leo kwenye kundi hili kuna SIG Sauer P320 ya mwaka 2014, CZ P-10 C ya Wacheki ya 2017, Walther PDP ya 2021, familia ya M&P ya Smith & Wesson iliyoanza 2005, Canik za Uturuki, Taurus za Brazil, na HS za Kroatia ambazo Marekani huuzwa kwa jina la Springfield XD. Chini yao kidogo kwa umbo ipo SIG P365 ya 2018, mtutu milimita 79, uzito kama gramu 500. Zote hizi zipo za risasi ya 9×19, kwa hiyo zinaweza kupimwa meza moja.

Jambo la kushika tangu mwanzo: plastiki yenyewe si mara nyingi inayoharibika. Ninachokitafuta ni pale plastiki inapokutana na chuma, na pale mpini unapokutana na mkono wako.

Hatua ya kwanza: iwe tupu, na uione ni tupu

Kwanza toa magazini. Kisha vuta slaidi, uizuie ibaki wazi. Tazama ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uguse tundu. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini unaitoa risasi moja na kuipandisha nyingine, kisha unatoa magazini kwa amani kabisa huku chemba ina mzigo. Ajali nyingi za "nilijua haina kitu" zinazaliwa hapo.

Muuzaji akikukabidhi, hata kama umemwona akikagua, kagua tena. Ukimrudishia, iwe wazi. Mdomo wa bastola uelekee upande ambao muuzaji ametenga, si kwa mtu na si kwenye ukuta wa tofali moja wenye jirani nyuma yake. Risasi hai zisiwepo mezani kabisa. Muuzaji anayekukunjia uso kwa sababu umekagua mara mbili, muage kwa heshima uondoke.

Omba pia ruhusa ya kubonyeza triga ikiwa tupu. Wengine wanataka utumie risasi za mazoezi, zile bandia za plastiki au alumini, kulinda pini ya kupigia. Ni haki yao. Duka ni lao.

Hatua ya pili: mkono, macho yakiwa yamefumbwa

Hapa tulia kuliko pote.

Mwambie muuzaji aweke tatu mezani, zikiwa wazi na tupu. Tatu zinatosha, zikizidi, mkono unachanganyikiwa kama pua iliyonusa asali za mizinga kumi. Chagua alama ukutani, upande ule uliotengwa. Funga slaidi, kidole kikiwa nje ya triga. Shika kwa nguvu ya kumpa mtu mkono, fumba macho, inua mikono yote miwili mpaka usawa wa jicho, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kiko wapi? Kikiwa katikati ya pengo la nyuma au karibu, mpini umekukubali. Kikiwa juu sana, mpini umelala kwa namna ambayo kifundo chako hakijaizoea. Kikiwa upande, unene wake haukutoshi au umekuzidi. Rudia mara tano kwa kila moja, ukizizungusha zamu. Mara ya kwanza haihesabiki.

Glock ina mlalo wa mpini ulioinama kuliko nyingi. Kuna wanaoshika Glock ya kwanza wakakuta mdomo unatazama dari kidogo, hasa waliozoea chuma za zamani. Wengine, kama binamu yangu, wanaikuta imesimama palepale inapotakiwa kana kwamba walizaliwa nayo. Hakuna aliyekosea.

Baada ya macho, pima ufikiaji. Panda iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ikae juu kabisa chini ya mkia wa fremu, mfupa wa mkono ulingane na mtutu. Sasa weka kidole kwenye triga. Nyama ya katikati ya pingili ya kwanza ndiyo ikae pale. Ukifika kwa ncha tu, utaisukuma bastola upande kila unapofyatua. Kidole kikipita mpaka kwenye mkunjo, utaivuta. Hilo ndilo lililonishinda kwenye ile ya kwanza, na hakuna mazoezi yaliyolitibu, kwa sababu vidole havirefuki.

Habari njema ni kwamba mipini mingi ya siku hizi hubadilishwa mgongo, yaani kile kipande cha nyuma kinachojaza kiganja. Walther P99 ya miaka ya 1990 ilikuwa kati ya za mwanzo kuja na migongo ya ukubwa tofauti; Glock ilifuata na kizazi cha nne mwaka 2010, na CZ P-10 C na M&P huja nayo kwenye boksi. Basi usikatae bastola kwa mgongo uliokuwa umefungwa siku hiyo. Mwombe muuzaji abadilishe. Akisema mingine "imepotea", hiyo nayo ni taarifa kuhusu duka.

Vipele vya mpini ni suala la ngozi na hali ya hewa. Dukani penye feni vipele vikali vinaonekana kero, vinakwaruza. Lowesha kiganja maji kidogo, shika tena. Jasho la Oktoba hapa kwetu, mvua ikichelewa na miembe imetulia bila jani kutikisika, litakufanya uvipende. Walther PDP na M&P za kizazi cha pili zina vipele vinavyouma kweli; Glock za zamani ni laini kupita kiasi kwa mkono wenye jasho. Ila vikali mno vinakula shati upande wa ndani, na mke wangu ameshanifikishia malalamiko hayo.

Hatua ya tatu: triga

Bastola hizi nyingi hazina nyundo ya nje. Ndani kuna pini ya kupigia inayosukumwa na springi; slaidi huivuta nyuma, kwa nyingine sehemu tu na kwa nyingine karibu yote, na triga inamalizia na kuiachia. Kwa hiyo triga zake zote zina ladha moja ya msingi, yenye vipande vinne ambavyo unavitenga mmoja mmoja.

Kwanza kuna mwendo wa bure: triga inarudi nyuma bila upinzani wa maana. Kisha inafika ukutani, pale unapohisi imegusa kitu. Kisha inaachia, unasikia "tik". Mwisho, ukiwa umeibana nyuma na slaidi imevutwa tena, unailegeza polepole mpaka inadaka kwa kishindo kidogo, tayari kwa risasi ya pili. Hicho kishindo ndicho kurudi kwake.

Bonyeza kila moja mara kumi, taratibu kama unavyozungusha lile gurudumu la cherehani. Usitafute laini, tafuta inayofanana na nafsi yake. Triga nzito inayoachia palepale mara zote kumi ni bora kuliko nyepesi ambayo leo inaachia hapa na kesho pale. Mwendo wa bure uwe hauna mchanga, yaani usihisi chembechembe. Ukuta uwe ukuta, si godoro. Na kurudi kuwe kufupi na dhahiri. Kwa maoni yangu Walther ndiyo yenye ukuta msafi zaidi kwenye kundi hili, CZ P-10 C iko karibu sana nyuma yake kwa bei ya chini, na triga ya Glock ya kiwandani ni ya kazi tu. Haikupi raha, lakini haikudanganyi.

Kama una mizani ndogo ya dijitali ya ndoano, ile ya kupimia mabegi, nenda nayo. Bastola ikiwa tupu, kamata triga kwa ndoano, vuta moja kwa moja nyuma, soma inapoachia. Ile kubwa ya buchani haifai, haioni gramu. Triga ya Glock 19 tangu zamani inatajwa kwa kama kilo 2.5. Kwa bastola ya kubebwa kiunoni nisingetaka iliyo chini sana ya hapo, na yeyote anayekutangazia kuwa fundi wake ameipunguza mpaka inafyatuka kwa pumzi, mwache nayo.

Angalia pia kinga. Glock ina kijiti katikati ya triga kinachozuia isiende bila kidole. XD inaongeza kizuizi nyuma ya mpini kinachotaka kushikwa. Nyingine zina kitufe cha pembeni. Na ikianguka je? Agosti 2017 SIG Sauer ilitangaza kuwabadilishia wateja vipande vya triga vya P320 baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Ukikutana na P320 ya kabla ya hapo, uliza kwa maandishi kama ilishabadilishwa. Hakuna jaribio la kuangusha unaloweza kufanya dukani, wala usilifanye.

Hatua ya nne: slaidi na mtutu

Sasa kile kilichonidanganya.

Shika fremu, tikisa slaidi kushoto na kulia kwa nyuma. Itacheza kidogo. Inatakiwa icheze: fremu ya plastiki hujinyonganyonga kidogo kila risasi inapotoka, na vumbi nalo linahitaji pa kupita. Glock ukiitikisa inagonga kama sanduku la viberiti, na haijali. Mchezo ambao una maana uko kwenye mtutu. Slaidi ikiwa imefungwa, bonyeza kwa gumba sehemu ya mtutu inayoonekana kwenye dirisha la kutolea maganda. Isizame, au izame kidogo mno na kurudi. Kisha shika ncha ya mtutu mbele, jaribu kuitikisa ndani ya slaidi. Hapo ndipo usahihi wa kulenga unapokaa, kwa sababu vilengeo viko kwenye slaidi, na mtutu usiporudi palepale kila mara, vilengeo vinasema lake na risasi inasema lake.

Vuta slaidi polepole kabisa mpaka mwisho, urudishe polepole vilevile. Kugoma mahali pamoja kwa bastola mpya kunaweza kulainika. Kukwaruza kwa njia nzima ni dalili ya reli zisizonyooka. Vuta pia ukiwa umelowesha vidole. Mipasuo ya kushikia kwenye slaidi ya P-10 C ni mizuri, lakini springi yake ikiwa mpya ni ngumu, na mtu mwenye mkono dhaifu ataijua. Mama mmoja mfanyabiashara niliyemsindikiza aliziacha mbili nzuri kwa sababu hiyo tu, akachukua iliyomruhusu kuvuta bila kuuma meno. Alichagua vizuri.

Chuma cha slaidi siku hizi mara nyingi kimeingizwa naitrojeni kwa moto mpaka ngozi yake ikawa ngumu na isiyopenda kutu. Rangi ya juu ikichubuka si msiba. Tazama badala yake pembe za ndani, kwenye dirisha la maganda na chini ya slaidi. Alama za kisu cha mashine zilizoachwa huko ndani ni kawaida kwa bei fulani; ncha kali inayokata kidole si kawaida kwa bei yoyote.

Hatua ya tano: fremu

Ipitishe chini ya mwanga wa jua dirishani. Mstari ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana utauona ukipita katikati ya mpini au ndani ya kizingo cha triga. Uwepo, lakini uwe umesawazishwa. Ukiuhisi kama ukingo wa kisu chini ya kidole cha kati, baada ya risasi 50 utakuwa na lengelenge. Mabonde madogo mahali plastiki ni nene ni alama ya plastiki kusinyaa ilipokuwa ikipoa. Uzuri unapungua, nguvu si lazima.

Kisha fungua slaidi utazame reli. Kwenye Glock ni vipande vinne vifupi vya chuma vilivyozamishwa ndani ya plastiki. M&P ina shasisi ya chuma iliyowekwa ndani ya mpini. SIG P320 imekwenda mbali zaidi: sanduku dogo la chuma lenye triga na namba ya silaha linatoka zima, ukalihamishia kwenye mpini mwingine. Kwa sheria ya Marekani hilo sanduku ndilo bastola. Njia zote hizi zinafanya kazi. Unachokagua ni kwamba vipande vya chuma viko usawa mmoja, havitikisiki, na plastiki inayovizunguka haina nyufa wala weupe. Weupe kwenye nailoni nyeusi ni plastiki iliyokwisha kupindishwa kupita kiasi.

Minya mpini kwa nguvu tundu la magazini likiwa tupu. Utapinda kidogo. Usiogope. Weka magazini, minya tena; mpini usipinde wala kuikaba magazini.

Magazini na vitufe

Hizi ni za haraka. Magazini tupu ianguke yenyewe ukibonyeza kitufe, bastola ikiwa wima. Ingiza mbili tofauti, si moja. Midomo ya juu ya magazini iwe sawa pande zote. Glock huvalisha chuma koti la plastiki, wengine wengi hutumia chuma kitupu. La plastiki halishiki kutu, la chuma ni jembamba. Uliza bei ya magazini ya ziada na kama ipo, kwa sababu nimeona bastola nzuri iliyobaki na magazini moja miaka minne.

Kitufe cha magazini ukifikie kwa gumba bila kuachia mpini. P-10 C za mwanzo zilijulikana kwa kitufe kigumu. Na vilengeo: Glock nyingi hutoka kiwandani na vilengeo vya plastiki, ambavyo kwangu ni ubahili usio na sababu kwenye bidhaa ya bei hiyo. Panga fedha ya kuvibadilisha kwa vya chuma.

Kuifungua

Mwombe muuzaji aifungue mbele yako, kisha wewe uirudishe. Kuna tofauti ya kuijua hapa: Glock na P-10 C zinataka ubonyeze triga ndipo slaidi itoke, wakati P320, P365 na VP9 ya Heckler & Koch hazihitaji. Mwenye haraka na mwenye usingizi wasijidanganye. Ile hatua ya kwanza ya chemba inarudiwa kabla ya kila kufungua, hata ya mara ya elfu.

Vipande vitakuwa vinne: slaidi, mtutu, springi na fremu. Springi iangalie kama imenyooka. Mtutu utazame kwa mwanga, mikondo yake ing'ae bila giza. Ikiwa bastola imetumika, angalia panapong'aa chini ya slaidi na juu ya mtutu. Mng'ao wa usawa pande zote mbili ni umri; mng'ao wa upande mmoja ni ugonjwa.

Vumbi, jasho na asali

Kuna mambo ya kwetu ambayo watengenezaji wa Ulaya hawakuyaweka kwenye kitabu.

Kiangazi cha hapa, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na vumbi pamoja na mafuta mengi ni msasa. Jinsi bastola inavyotaka mafuta kidogo ndivyo inavyofaa huku. Glock inatosheka na matone machache kwenye reli, mtutu na kiungo cha triga. Kama unayoilinganisha inatakiwa ilowe ndipo iende, ijue hiyo ni bastola ya nchi zenye lami.

Jasho linakula vitu vidogo kabla ya vikubwa: pini, skrubu, springi ya magazini, vilengeo. Baada ya siku ya kubeba, futa kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya taa yanasafisha, lakini yakikauka yanaacha chuma uchi, kwa hiyo yafuatishe mafuta ya silaha. Ala ya ngozi inanyonya jasho na kulilaza kwenye slaidi usiku kucha. Usihifadhi bastola ndani yake.

Asali na nta, kwa wanaofanya kazi yangu, zinaganda kwenye kitufe cha magazini. Nawa kabla ya kushika. Nalisema hili nikiwa nimeshatumia jioni nzima na mswaki.

Na usiiache kwenye gari juani Nzega ukila chakula, si kwa sababu ya plastiki, bali kwa sababu ya wezi na watoto. Ikiwa haiko kiunoni, iko ndani ya sefu iliyofungwa kwa bolti.

Uwanjani

Ukibakiwa na mbili, na ukipata uwanja wenye msimamizi, risasi 50 kwa kila moja zinatosha kukata shauri. Simama mita 10. Piga tano kwa ya kwanza, tano kwa ya pili, urudi. Usimalize boksi zima kwenye moja. Mkono unachoka, na ya pili inaonekana mbaya bila kosa lake.

Usitazame matundu tu. Tazama kilengeo cha mbele baada ya teke: kinarudi chenyewe palepale, au unakitafuta? P365 na wenzake wadogo wanapiga teke la haraka, kwa sababu risasi ni ileile na mwili umepungua. Tazama panda ya gumba kama slaidi imekung'ata. Tazama kama kwenye risasi ya tano mpini umehama kiganjani. Ukihama, rudi kwenye suala la mgongo na vipele.

Kisha mwombe msimamizi akujazie magazini akichanganya risasi moja ya mazoezi bila kukuonyesha mahali. Ukiifikia, bastola haitalia, na utaona mdomo ukizama wenyewe. Huo ni mkono wako ukiogopa teke. Bastola ambayo mdomo wake unazama kidogo kuliko wa mwenzake ndiyo yako, hata kama nyingine ilikuvutia.

Tumia risasi zilezile utakazoziweza kuzipata baadaye. Bastola mpya ikikwama mara moja kwenye boksi la kwanza, andika. Ikikwama mara ya tatu kwa namna ileile, usimsikilize anayesema "itazoea".

Daftari langu na ninavyochagua

Sizipi bastola alama za kumi kwa kumi. Naandika maneno: "kidole kinafika", "ukuta msafi", "slaidi ngumu kwa mama". Ukirudi hotelini usiku, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam, maneno yanakumbusha, namba hazikumbushi.

Mimi leo nabeba Glock 19. Haina sura, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama sahani ya melamini. Lakini kidole kinafika, vumbi haliijali, na vipuri vyake si vya kutafuta kwa tochi. Ningekuwa naanza upya na mkono mdogo zaidi, ningechukua P-10 C yenye mgongo mwembamba. Anayekaa ofisini na kubeba chini ya koti ataifurahia P365, mradi akubali kufanya mazoezi zaidi. Walther PDP ni tamu mkononi kuliko zote, ila slaidi yake imepanda juu, na kwenye kiuno chembamba inajitangaza. Canik na Taurus nimeziona nzuri na nimeziona za kurudisha. Kwa hizo, kagua ile iliyo mkononi mwako, si jina.

Binamu yangu tulipofika kaunta aliambiwa, "Mzee, hii ndiyo wanayobeba wakubwa." Akajibu, "Marahaba, mwanangu, sasa nipe na ile ya pembeni." Alifumba macho mara tano kwa kila moja, foleni ikiwa nyuma yetu. Ya wakubwa ikatazama dari mara zote tano. Akachukua ya pembeni.

Kabla hatujasaini tulisoma namba: kwenye kibati cha chuma kilichozamishwa kwenye fremu, kwenye slaidi, kwenye mtutu, kisha kwenye karatasi. Tulizisoma kwa sauti, yeye akisoma chuma nami nikisoma karatasi, tarakimu moja moja. Kwenye karatasi 3 ilikuwa imeandikwa 8. Tukakaa dukani saa moja na nusu mpaka ikarekebishwa na kugongwa muhuri upya, basi la jioni likatuacha.